Shangazi, Jirani na Mchanga wa Kigamboni

Mwezi wa kumi mwaka 2015 shangazi yangu alishuka Ubungo akitokea Lushoto, na begi moja la nguo na kiroba kizito nilichodhani ni viazi. Kilikuwa udongo. Tulikihangaisha kwenye daladala, kisha tukakivusha kwa pantoni, maana daraja la Kigamboni lilikuwa bado halijafunguliwa, na kila abiria aliyetaka kukikalia aliambiwa: "Taratibu baba, hiyo ni mboji."

Mimi ndiye niliyemwita. Uwanja wa nyuma ulikuwa umekaa bure tangu tuhamie, na mimi na mke wangu tulikubaliana kwamba vuli ile haitatupita bila bustani ya mboga. Kampeni za uchaguzi zilikuwa zimepamba moto, karatasi za wagombea zimetapakaa kila mahali, nami nilikuwa nimechora ramani nyuma ya mojawapo: kabichi huku, hoho kule, saladi, brokoli, stroberi pembeni. Shangazi aliigeuza akamtazama mgombea kwanza, akairudisha upande wa ramani, halafu akaiweka mezani na kumgeukia mke wangu.

"Mwanangu, Jumatatu mpaka Ijumaa nyumba hii inapika mboga gani?"

"Mchicha, shangazi. Matembele. Bamia mara mojamoja, na nyanya kila siku."

"Basi ndiyo hizo. Brokoli isubiri ipate mwenyeji."

Siku ya kwanza hatukushika jembe. Alinituma nikachomeke vijiti pale kivuli cha mwembe kinapoishia asubuhi, saa sita na alasiri. Ilipofika magharibi tuliona wazi: upande wa ukuta unapata jua kutwa, huo ungekuwa wa nyanya na bamia, upande wa mwembe hufunikwa alasiri, pangefaa mchicha. Bomba la kisima lilikuwa karibu na mlango wa jikoni, na yeye akataka matuta yaanzie hapohapo. Mboga zilizo mbali na jiko, alisema, humwagiliwa na Mungu tu.

Ubishi ulianza tulipochimba. Jirani yetu, bibi mmoja mzaliwa wa Mjimwema, alikuja kusalimia akatukuta tunainua matuta marefu ya Kisambaa, mabega juu, mifereji kati.

"Karibuni jamani. Mnazika nani?"

Shangazi akamweleza kwamba redio zote zinatangaza El Niño, na mvua kubwa huozesha mizizi iliyokaa chini. Bibi akainama, akachota mchanga kwenye kiganja, akaumwagia maji ya kopo. Maji yakapita kati ya vidole kabla hajamaliza kumimina. "Huku maji hayatuami, dada yangu. Huku tunayatafutia pa kukaa." Alichotaka ni kinyume kabisa: uchimbe tuta lizame chini kiasi cha kiganja, uweke kingo pembeni, na chini kabisa utandaze makumbi ya nazi yaliyolowekwa, kwa sababu yanashika maji kama sponji. Juu yake samadi iliyooza vizuri, ichanganywe na mchanga wenyewe.

Shangazi hakupenda. Alikaa kimya akiyatazama yale maji kwenye vidole vya mwenzake, halafu akasema tufanye yote mawili: mboga za majani zizame, nyanya na karoti zipande juu. Karoti hazikuwa kwenye ramani yangu wala kwenye orodha ya mke wangu. Zilikuwa kwenye begi lake.

Kupanda mchicha ndiko nilikokupenda kuliko yote. Mbegu zake ni ndogo na zinateleza. Ukizimwaga hivihivi zinaota zimebanana. Shangazi alichanganya kijiko cha mbegu na bakuli la mchanga mkavu, akachora vimfereji kwa kidole, akapita akinyunyiza kwa ncha za vidole vitatu. Bibi akafuata nyuma na majivu ya jikoni, akazungushia tuta zima, maana sisimizi wa kule hubeba mbegu zote usiku mmoja. Tukafunika kwa makuti. Matembele alileta bibi mwenyewe, marando ya urefu wa mkono, tukayalaza jioni jua lilipopoa, vifundo viwili viwili chini ya udongo.

Kile kiroba cha mboji kiliishia chote kwenye tuta la karoti. Bibi alionya kwamba maji ya kisima chetu yana chumvichumvi: mchicha utayavumilia, karoti hapana. Shangazi akajibu kwamba zitakunywa mvua.

Aliondoka kabla mbegu hazijachomoza. Mchicha tulianza kuung'oa ndani ya mwezi, na matembele yaliota mpaka tukawa tunagawa. Nyanya za juu ya tuta zilinyauka kila adhuhuri, mke wangu akazihamia na ndoo ya maji ya kuoshea mchele. Kwa maoni yangu bibi alishinda ule ubishi, ingawa sikumwambia shangazi.

Karoti zilitoka Januari. Fupi, nyembamba kama kidole cha mwisho. Nilimpelekea bibi kikapu kidogo, na usiku shangazi akapiga simu.

"Umempa jirani?"

"Nimempa."

"Anasemaje?"

"Anasema tamu, ila bado hazijabalehe."

Shangazi alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie mwakani nakuja na viroba viwili. Na akae mbali na tuta langu."