Kila kitu kilipimwa, usingizi haukuulizwa

Kuna wiki nzima nilikuwa nakaa dirishani saa 9 usiku hapa Bwiru, Mwanza, nahesabu taa za wavuvi wa dagaa ziwani, nikifika 40 nachanganya naanza upya. Halafu ikaja mbalamwezi, si unajua mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliki, mitumbwi haitoki, basi hata taa za kuhesabu hakuna. Hiyo wiki ndo nililia mpaka kifua kikauma. Mimba ilikuwa na wiki 29.

Mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi sita, kwa hiyo hii kila mtoto akitulia tumboni najua tayari, ameondoka. Kula siwezi, simu za mume wangu sipokei (yuko Ukerewe kikazi), nikioga nasahau kama nimeoga.

Kliniki nilikuwa naenda vizuri tu. Presha, damu, mkojo, uzito, kimo cha mimba, vyote vinaandikwa kwenye kadi. Siku moja nikajikaza nikamwambia sista silali, akasema ni mimba hiyo mama, mtoto anacheza, akaita anayefuata. Sikumchukia, foleni ilikuwa imefika nje, ila nilirudi nyumbani nikiwa nimejifungia zaidi.

Kosa ni kwamba nilisema silali nikaishia hapo. Mara ya pili nilikuta mwingine nikamwambia yote kwa mkupuo, silali wiki ya tatu, nalia kila siku, naogopa, na kuna wakati natamani nisiamke. Huyu alifunga mlango. Akanipeleka kwa mshauri hapohapo hospitali, dada mmoja mpole, akaniuliza maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, kama naweza kucheka, kama najilaumu bila sababu. La mwisho ni la kufikiria kujidhuru. Nikajibu kwamba huwa yananijia mara chache. Akaweka kalamu chini akanitazama, tukakaa kimya, halafu akaniuliza nilipanga nini, hivo hivo bila kuzunguka. Jamani kuulizwa ile kitu waziwazi nilihisi kama nimetuliwa ndoo kichwani.

Inaitwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha (depression), na haiji baada ya kujifungua tu kama tulivyozoea kusikia. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nchi zinazoendelea karibu wajawazito 16 katika kila 100 wanapata tatizo la akili, zaidi sonona. Sasa fikiria benchi la kliniki linavyojaa Jumatatu. Huku kwetu ukitaja afya ya akili watu wanasikia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, ndo maana tunanyamaza.

Mimi sijapewa dawa, naenda kuongea kila wiki. Wapo wanaopewa na zipo dawa ambazo daktari anaweza kumwandikia mjamzito, na kama ulikuwa unatumia kabla ya mimba tafadhali usiache ghafla kwa kuogopa, nenda ukaulize kwanza maana nyingine zinabidi zibadilishwe. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza wana idara ya magonjwa ya akili, kwa hiyo kliniki yako ikishindwa omba rufaa, omba kabisa kwa mdomo wako. Na mawazo ya kujidhuru yakija usisubiri tarehe ya kwenye kadi, mwamshe mtu muende hospitali usiku huohuo.

Mshauri alisema nitafute mtu mmoja wa nyumbani ajue. Nikamwambia mama mkwe. Yeye hadi leo anasema ni mawazo tu ng'wanawane (mwanangu), neno sonona halimwingii, lakini usiku uleule alibeba mkeka wake akahamia chumbani kwangu. Nikiamka na yeye anaamka, ananipigia stori za mpunga wa Magu na ng'ombe wa baba yake mpaka nasinzia katikati ya stori.

Saivi niko wiki ya 33. Juzi nimelala masaa matano mfululizo. Alhamisi narudi na yeye anasema tunaenda wote, anataka kumuona huyo dada ninayeongea naye.