Kutoka Ngong hadi udongo mweupe wa Olorgesailie: mradi wangu wa njia ya baiskeli

Mradi wenyewe ni huu: kupata njia ya baiskeli za milimani inayoanzia mjini Ngong, karibu na Nairobi, ipande mgongo wa Milima ya Ngong, iteremke Bonde la Ufa na kuishia Olorgesailie, eneo la mambo ya kale, bila kugusa lami ya barabara ya Magadi ila pale isipoepukika. Nataka iwe njia ambayo mtu wa Rongai, Dagoretti au Umoja, mwenye baiskeli ya mtumba iliyotengenezwa vizuri, ataimaliza kwa siku moja. Watu wengi wananiuliza tumefika wapi, basi nimeamua kuandika.

Wazo lilinijia kupitia binamu yangu anayeishi Brighton, kusini mwa Uingereza. Huko kuna njia iitwayo South Downs Way, kilomita 160 hivi kutoka Winchester hadi Eastbourne, inayokatiza vilima vya malisho, mashamba ya ngano na vijiji, hadi ilipo bahari. Mwisho wa vilima hivyo ni majabali ya chaki. La juu kabisa ni Beachy Head, mita 162 kutoka majini, na karibu nalo yapo yale yanayoitwa Seven Sisters, meupe pe. Binamu hunitumia picha, nami kila nikizitazama nilikuwa nikiwaza Olorgesailie, ambako nako kuna tabaka za udongo mweupe zilizokatwa na mvua na upepo.

Si udongo mmoja, na ni vizuri hilo lijulikane. Chaki ya Uingereza ni chokaa iliyotokana na magamba ya viumbe vidogo mno vya baharini, yaliyotuama chini ya bahari enzi za dinosaria. Nyeupe yetu ni diatomaiti: mabaki ya mwani mdogo wa ziwani, ambao maganda yake ni ya silika. Olorgesailie kulikuwa na ziwa lililojaa, likakauka, likajaa tena, na kando yake watu wa kale walichonga shoka za mawe. Watafiti wa mambo ya kale Louis na Mary Leakey walichimba hapo miaka ya 1940, na shoka nyingi zimeachwa palepale zilipoonekana, ukizitazama kutoka kwenye ujia wa mbao. Kule bahari, huku ziwa, na pande zote mbili viumbe visivyoonekana kwa macho ndivyo vilivyoacha ardhi unayoiendesha baiskeli. Mimi jambo hilo linanisisimua kila nikilifikiria.

Februari: mgongo wa Ngong

Tulianza na sehemu tunayoifahamu. Unalipa langoni kwa Huduma ya Misitu ya Kenya, unapita chini ya mitambo ya upepo, kisha unapanda na kushuka vilele hadi Lamwia, mita 2,460. Nyasi ni fupi, njia ni ya udongo mwekundu na mawe ya volkano, na upepo kutoka bondeni unakupiga ubavuni mpaka unashika hendo kwa nguvu zote.

Hapa ndipo nilipoamua kanuni ya mradi mzima. Upande wa magharibi mlima umekatika, na kila mtu anataka kupita ukingoni aone Bonde la Ufa. Lakini binamu alikuwa amenieleza jinsi wenzetu wa South Downs wanavyofanya. Ile njia ya juu ya Seven Sisters ni ya watembea kwa miguu peke yao. Wenye baiskeli na farasi wanapelekwa bara, kupitia Alfriston na Jevington, mbali na ukingo. Chaki humomonyoka kutoka chini inakopigwa na mawimbi, na nyasi unazozikanyaga huko juu zinaweza kuwa zimening'inia bila kitu chini yake. Nyufa hutangulia, na jabali zima hufuata bila kumwambia mtu.

Kwa hiyo yetu pia tumeirudisha nyuma ya ukingo. Mandhari hutazamwa ukiwa umesimama, baiskeli imelazwa chini. Ukiwa juu ya pedali macho yawe kwenye udongo, kwa sababu udongo ndio unaoamua kasi, breki na tairi. Wapo marafiki wasiokubaliana nami, wanasema njia isiyopita ukingoni haina ladha. Mimi sitaandika kwenye ramani mahali ambapo sitamruhusu mdogo wangu apite.

Machi hadi Mei: mvua ndefu

Kazi ilikuwa ndogo. Chini ya milima, kuelekea Kona Baridi, kuna mabonde ya udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukinyeshewa hauendesheki. Unaanza kwa kujipaka kwenye tairi, unaokota majani na vijiwe, halafu unajaza nafasi iliyopo kati ya tairi na foku, yaani uma unaoshika gurudumu, mpaka gurudumu linasimama kabisa. Ukisukuma, linaburuzika tu. Inabidi uchukue kijiti uuchokonoe, hatua ishirini mbele uanze tena. Binamu anasema chaki nayo ikilowa inateleza vibaya, ila haishiki hivi. Taabu yao kubwa ni mawe ya gumegume yaliyomo ndani ya chaki, yenye makali ya kupasua tairi ubavuni.

Sisi gumegume yetu ni miiba. Kuanzia Kona Baridi kwenda chini kila kichaka ni mgunga, na mwiba wa mgunga unapita kwenye raba bila kubisha hodi. Fundi wetu wa Rongai alitumia miezi hiyo ya mvua kugeuza magurudumu yetu yawe ya kutumia tairi bila tyubu. Alibandika utepe ndani ya rimu, akatia ute mweupe wa kuziba, akajaza upepo kwa kompresa mpaka tairi ikalia pa! na kukaa mahali pake. Tunatumia tairi za upana wa inchi 2.25, upepo kidogo tu, ili zishike mawe.

Jinsi ute huo unavyofanya kazi ni jambo la kutazama. Unaung'oa mwiba kwa koleo, upepo unavuja nje ukitoa povu jeupe, unalizungusha gurudumu ili ute ufike kwenye tundu, na baada ya mizunguko michache mlio unanyamaza. Kwa njia hii sioni namna ya kutumia tyubu na viraka, utashinda mchana kutwa unapaka solusheni juani.

Juni na Julai: kuomba njia

Sehemu ngumu kuliko zote si mteremko, ni ardhi ya watu. Kutoka Kona Baridi kwenda Oltepesi, karibu na Olorgesailie, mashamba mengi yamegawanywa na kuwekwa nyaya, na njia unayoiona kwenye picha za setilaiti inaweza kuishia kwenye geti la mtu. Tuliamua kutopita popote kabla ya kuuliza. Boma la kwanza tulimkuta mzee ameketi chini ya mti, mbuzi wametawanyika mbele yake.

"Habari ya asubuhi, mzee?"

"Nzuri, vijana. Mnatafuta nini na hizi baiskeli?"

"Tunaomba njia, mzee. Tunataka kushuka hadi Oltepesi bila kupita barabarani, malori yanatutisha."

Alizitazama tairi, akazibonyeza kwa fimbo. "Njia ipo. Geti mkifungua, mlifunge. Mkikuta mifugo mbele, simameni ipite. Na mfuate njia ya ng'ombe, msifuate ya mbuzi. Mbuzi anapita popote."

Tangu siku hiyo hatujapata ushauri unaoushinda. Ng'ombe ni mzito, hapendi mwinuko wa ghafla, kwa hiyo njia yake huzunguka kilima taratibu na huvuka makorongo pale kingo zilipolala. Ndivyo hasa baiskeli inavyotaka. Vipande vyote tulivyovikubali mpaka sasa katika sehemu hiyo ni njia za ng'ombe.

Agosti: tumefika kwenye nyeupe

Tuliondoka Ngong kukiwa na baridi ya jaketi mbili, tukafika Olorgesailie jua la kuunguza, maana umeshuka zaidi ya mita elfu moja. Kwenye mteremko mrefu diski za breki zilikuwa moto wa kutogusika, basi tulipumzika mara kwa mara zipoe. Anayeshika breki ya nyuma mfululizo ataipoteza kabla ya kufika chini, aachie na kushika, aachie na kushika.

Kilomita za mwisho ardhi inabadilika rangi: nyekundu, kijivu, halafu nyeupe. Vumbi lake ni laini kama unga wa ngano, gurudumu la mbele linazama kidogo na hendo linakuwa jepesi, unalazimika kurudisha uzito nyuma na kukanyaga bila kusita. Tulikomea langoni na kuziacha baiskeli hapo. Ndani ya eneo la Makumbusho ya Taifa hakuna kuendesha, wala haifai kuokota hata jiwe.

Kurudi tulipanda gari la abiria kutoka Magadi, baiskeli juu ya keria. Kupanda mlima ule kwa miguu mchana si lazima kuwe sehemu ya mradi.

Kilichobaki

Kuna korongo moja kabla ya Oltepesi ambalo bado tunalivuka kwa kubeba baiskeli mabegani, na upande wa pili mwenye shamba anaishi mjini, tunasubiri jibu lake. Akikataa, tutarudi lami kwa kipande hicho na ramani itaonyesha hivyo. Nataka lifahamike kabla ya mvua fupi, kwa sababu binamu anakuja Desemba, nami nimemwahidi njia kamili. Zamu yangu ya kwenda kuiona chaki yake itafuata.

Anayetaka kutusaidia kupima korongo hilo Jumamosi ijayo aje stendi ya Ngong saa kumi na mbili asubuhi, na maji lita nne, helmeti, koleo la miiba, na tairi zilizotiwa ute.