Nilivyompeleka mama Hispania na Ureno, na magoti yake vile yalivyo

Mama yangu ana magoti mabovu. Gegedu zimelika, daktari alishatuambia zamani, na ngazi za ghorofa moja hazimalizi bila kupumzika katikati. Hata hivyo tangu utoto wetu alikuwa akitaja sehemu mbili anazotamani kuziona: Alhambra, majumba ya wafalme wa Kiislamu mjini Granada, kwa sababu ya habari za Andalusia alizosimuliwa na mwalimu wake wa chuoni, yaani madrasa, na Lisbon, kwa sababu yeye ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na amekua akiutazama ukuta wa Ngomeni, ile Fort Jesus ya Wareno, kila uchao. Nilipopata uwezo wa kumpeleka, jamaa walinishauri twende wawili tu, kwa mwendo wetu. Nikaamua tujiunge na ziara ya kundi yenye mwongozaji. Wenye wazazi wazee wananiuliza sana tuliwezaje, na jibu langu ni kwamba kundi linamfaa mzee kuliko safari ya kujipangia, mradi ratiba uisome kwa miguu yake kabla hujalipa.

Ratiba za kampuni za utalii hukueleza utaona nini. Hazikuelezi utatembea kiasi gani. Kwa hiyo kila kampuni niliyoiandikia niliiuliza maswali yale yale. Tunalala siku ngapi katika kila mji? Kuhama hoteli kila siku kunamchosha mzee kuliko makumbusho yoyote: alfajiri masanduku yawe nje ya mlango, jioni utafute upya bafu liko wapi na swichi iko wapi. Hoteli iko mjini au pembezoni, kwenye barabara kuu? Ikiwa pembezoni, siku mtakayobaki kupumzika mtakuwa wafungwa. Na basi linasimama wapi? Miji ya kale ya Hispania hairuhusu mabasi makubwa kuingia ndani, kwa hiyo neno "tunatembelea Toledo" lina mlima ndani yake. Kampuni niliyoichagua haikuwa ya bei nafuu kuliko zote, ila ndiyo iliyonijibu kwamba Toledo kundi lake hupanda kwa ngazi za umeme zilizojengwa kwa ajili ya umma, kutoka nje ya ukuta hadi juu mjini. Aliyejua hilo anajua kazi yake.

Tulikwenda Oktoba. Julai na Agosti joto la Sevilla na Córdoba hupita nyuzi 40, na sisi tuliozoea joto la Pwani tusijidanganye. Lile ni joto kavu lisilo na upepo wa bahari.

Viza nisiikalie sana. Ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, huombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, kwetu ikawa Hispania, na mwombaji wa mara ya kwanza lazima afike mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole, kwa hiyo tulipanda treni hadi Nairobi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi, lakini kwa mzee usitazame kiwango peke yake. Soma sehemu ya maradhi ambayo mtu anayo tayari, maana nyingi hazigharimii kitu ulichosafiri nacho. Mama hana kipato, hivyo niliandika barua ya kumdhamini, nikaambatanisha cheti changu cha kuzaliwa kinachoonyesha jina lake na taarifa zangu za benki. Barua ya kampuni yenye majina ya hoteli zote ilitupunguzia kazi, na hiyo ni faida nyingine ya kwenda na kundi.

Siku ya kwanza Madrid, kabla ya chakula cha usiku, nilimfuata mwongozaji wetu, mwanamke Mhispania wa makamo. Katika ziara hizi kuna mwongozaji mnayekuwa naye mwanzo hadi mwisho, na kila mji una wa kwake anayewapokea. Wa kwanza ndiye wa kuzungumza naye. Nilimwambia waziwazi: mama anaweza kutembea nusu saa, kisha akae, ngazi chache anapanda, nyingi hapandi, hali nyama ya nguruwe wala kitu kilichoguswa nayo, na ana swala zake. Sikumwomba asubirishe watu. Nilimwomba kila usiku anieleze kesho kuna nini, ili mimi na mama tuamue tunakwenda na lipi na tunaacha lipi. Mwongozaji alifurahi kuambiwa mapema. Viti vya basi vilikuwa vya zamu, kila siku watu wanasogea, lakini aliwaeleza wenzetu, na wazee wawili wa Kanada wakawa wa kwanza kusema mama abaki mbele safari nzima.

Kifaa kilichotusaidia kuliko vyote ni kile cha kusikilizia. Kila mtu hupewa kipokezi kidogo cha kuvaa shingoni chenye waya wa sikioni, na sauti ya mwongozaji hukufikia hata akiwa mbali kidogo. Watu huvitumia ili wasikie vizuri kwenye kelele. Sisi tulivitumia kukaa. Kundi likizunguka uwanja, mama anakaa kwenye benchi kivulini anasikia kila neno, mimi namtafsiria, na likirudi upande wetu tunajiunga. Penye benchi hapana shida, na pasipo benchi alikuwa na fimbo yake inayokunjuka ikawa kigoda. Nilimnunulia wiki kadhaa kabla, akaizoea kwa kwenda nayo sokoni Marikiti.

Jambo jingine lililonishangaza ni dereva. Sheria ya Ulaya inamkataza kuendesha zaidi ya saa nne na nusu bila kupumzika dakika 45, na mwendo wake wote hurekodiwa na mashine. Kwa mzee hiyo ni neema: vituo vinajulikana, choo kipo, kahawa ipo, miguu inanyooshwa. Mama aliacha ile tabia ya kutokunywa maji kwa kuogopa safari ndefu.

Chakula kilihitaji macho. Nguruwe Hispania si nyama tu, ni kiungo. Anakatiwa vipande juu ya supu baridi ya nyanya ya Córdoba, salmorejo, na anaingia kwenye maharage na mboga ambazo ukitazama hudhani. Ureno, supu ya sukuma wiki na viazi, caldo verde, huletwa na kipande cha soseji ndani. Mwongozaji alituandikia kikaratasi kwa Kihispania, na kingine kwa Kireno, kusema hatuli nguruwe wala mafuta yake wala mvinyo ndani ya chakula, nasi tukawa tunampa mhudumu kabla ya kuagiza. Tulikula mayai na viazi vya tortilla, samaki wa kuchoma, dagaa wakubwa, na kule Ureno bacalhau, samaki wa chumvi ambaye mama alisema anamkumbusha ng'onda. Wenyeji wa Hispania hula usiku saa tatu na kuendelea; mama mchana alinunua mkate, tende na matunda akaweka chumbani, kwa sababu dawa zake hazingoji.

Sasa Granada, maana huko ndiko nilikokuwa na hofu. Kuizunguka Alhambra yote ni kama kilomita tatu, na bustani za Generalife ndizo zinazoanza. Tiketi huandikwa jina na pasipoti hukaguliwa, na ya Majumba ya Nasrid, ukoo wa wafalme waliotawala pale, ina saa yake maalumu, ukichelewa huingii. Usiku uliotangulia tuliamua kuiacha Generalife. Kundi likaenda, sisi tukapanda teksi hadi karibu na Puerta de la Justicia, lango ambalo mwenye tiketi tayari huingilia akajikuta jirani na majumba. Tukakaa kungoja. Kundi lilipofika, mama alikuwa amepumzika kuliko wote.

Ndani, mwongozaji wa mji alikuwa akieleza maandishi ya ukutani, kwamba kaulimbiu ya wafalme wale imerudiwa kila mahali. Mama alikuwa amesimama karibu na ukuta, uso umeinuka, kidole chake kinafuata hewani herufi zilizosokotana na majani ya plasta. Akasoma polepole, kwa sauti, kwa mahadhi ya chuoni: *Wa la ghaliba illa Allah.* Hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Mwongozaji alinyamaza. Akamwomba asome tena. Kutoka hapo hadi Uwanja wa Simba, penye wale simba kumi na wawili wa mawe waliobeba birika la chemchemi, wenzetu walikuwa wakimwonyesha: mama, na hapa? Palipokuwa rahisi alisoma, palipomshinda alisema hapa siwezi. Mtu waliyekuwa wakimhurumia kwa magoti ndiye aliyekuwa akisoma ukuta, na mimi nilisimama nyuma yake nikilia.

Jioni ile kundi lilikwenda kutazama ngoma ya flamenco, ziara ya hiari inayolipiwa pembeni. Sisi mchana, wakati wa mapumziko, tulikuwa tumekwisha kupanda teksi hadi mtaa wa Albaicín, kwenye msikiti uliofunguliwa mwaka 2003. Kutoka mwaka 1492, Granada iliposalimishwa na Waislamu kwa wafalme Wakristo, hadi huo, ni zaidi ya karne tano. Mama aliswali alasiri pale, kisha akakaa bustanini, Alhambra ikiwa ng'ambo ya bonde.

Córdoba nilimwandaa kabla hatujafika. Msikiti mkuu ulianza kujengwa mwaka 785 na Abd al-Rahman wa kwanza, leo ni kanisa kuu la Katoliki, na Muislamu haruhusiwi kuswali ndani, walinzi wanakuja. Niliona heri alijue hilo garini kuliko kuzuiwa mbele ya watu. Kwa miguu, pale ndipo pepesi kuliko pote, sakafu ni tambarare, na nguzo zaidi ya 800 zinakupa kivuli popote usimamapo. Mbele ya mihrabu, nyuma ya vizuizi vya chuma, alisimama mikono chini akaomba moyoni. Kisha akauliza swala inafika saa ngapi hotelini. Safari nzima alikusuru na kukusanya, yaani kufupisha swala na kuziswali mbili pamoja, kama ruhusa ya msafiri ilivyo.

Sevilla nilikuwa nimeikata Giralda katika hesabu zangu, mnara mrefu vile. Mwongozaji ndiye aliyeniambia hauna ngazi ila chache za juu kabisa. Ulijengwa kuwa mnara wa muadhini mwishoni mwa karne ya 12, na ndani yake ni njia za mteremko zinazozunguka, 35, ili mtu aweze kupanda akiwa juu ya farasi. Kila kona ina namba ukutani. Mama akasema tujaribu namba tano. Tulipofika tano, pana dirisha, akafungua kigoda chake. Kisha kumi. Watu wanatupita na kututakia heri. Alikomea ya kumi na nane, kwenye dirisha linaloonyesha ua wa michungwa, akasema basi, panatosha. Mlima ule haupigani na magoti kama ngazi, ila kushuka ndiko kunakouma. Tulishuka kwa kurudi upande, mkono mmoja ukutani.

Kuvuka kuingia Ureno hakuna aliyetuomba pasipoti; ni mto Guadiana, daraja, na saa inarudi nyuma saa moja. Lisbon ni mji wa vilima, na njia zake za miguu zimetandikwa vijiwe vya chokaa vilivyosuguliwa na miaka hadi vikateleza, mvua ikinyesha ndiyo usiseme. Nilimvalisha viatu vya soli ya mpira, na mtaa wa Alfama tukauacha kabisa. Belém, kando ya mto Tejo, ni tambarare, tukaipa siku yetu.

Kaburi la Vasco da Gama liko ndani ya kanisa la Jerónimos, karibu tu na mlango, huhitaji kutembea. Kanisa lenyewe halina kiingilio, na Jumatatu hufungwa. Mwongozaji alieleza ujenzi ulianza mwanzoni mwa karne ya 16, ukagharamiwa na kodi ya biashara ya Afrika na Mashariki. Ubavuni mwa kaburi pamechongwa merikebu. Mama aliitazama, akaniambia nimtafsirie, akasema kwa kundi zima: mtu huyu alifika kwetu Aprili 1498, akakuta mji, Malindi ndiko alikopewa rubani wa kumvusha hadi India, na miaka saba baadaye wenzake wakaja wakaichoma Mombasa. Ngome waliyoijenga mwaka 1593 ipo, na mimi nimecheza ukutani kwake. Hakusema kwa hasira. Mwongozaji wa Lisbon alimuuliza maswali mengi, la mwisho likiwa ni nani aliyewatoa Wareno mle ngomeni. Waomani, akamjibu, mwaka 1698.

Kwenye mnara wa wavumbuzi kando ya mto, wenzetu walipanda kwa lifti. Sisi tukaenda kula pastel de nata, vikeki vya mayai vyenye mdalasini.

Kwa wanaojiandaa, la mwisho: kiti cha magurudumu uwanja wa ndege kiombwe saa 48 kabla ya safari. Ndivyo sheria ya Umoja wa Ulaya inavyotaka, na ni bure, kwenda na kurudi. Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari, na bahasha ya bakshishi ya dereva na mwongozaji iandae mapema, wanaistahili.