Duke 103, Arizona State 47: nilikuwa natazama ribaundi

Mechi ya kikapu ya maandalizi ambayo mpaka leo tunabishana juu yake uwanjani ni ile ya vyuo vikuu vya Marekani ya tarehe 27 Oktoba 2024, Duke walipowakaribisha Arizona State pale Cameron Indoor, uwanja wao wa nyumbani. Haikuingia kwenye rekodi ya msimu. Bobby Hurley, kocha wa Arizona State wakati huo, alikuwa amerudi Duke, chuo alichokipa ubingwa akiwa mchezaji, 1991 na 1992, na akaondoka na kipigo cha tofauti ya pointi 56.

Wengi walimtazama Cooper Flagg, nyota wa Duke, na wana haki yao. Mimi nilikuwa natazama ribaundi, yaani nani anaudaka mpira uliokosa ringi, kwa hiyo nilimtazama senta wao, Khaman Maluach. Huyu ni mtoto wa Rumbek, Sudan Kusini, aliyekulia Kampala na kuanza kucheza kikapu mwaka 2019 tu. Mwaka huohuo wa 2024 alikuwa amevaa jezi ya City Oilers ya Uganda kwenye BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, kisha Julai akawa na timu ya taifa lake London, siku Marekani waliponusurika 101–100. Namba tano, yaani senta, wa futi saba na inchi mbili, ametoka kwenye viwanja vya huku kwetu, yuko Duke! Nilishangilia kila alipogusa mpira.

Sasa tuje kwenye mchezo wenyewe. Jon Scheyer, kocha wa Duke, alijenga kikosi kirefu kila nafasi. Tyrese Proctor, anayepandisha mpira, ana futi sita na inchi sita. Kon Knueppel sita na saba, Flagg sita na tisa. Ukiwa na watu wa namna hiyo, mpinzani akiweka skrini, yaani akisimama kumzuia mlinzi asimfuate mwenye mpira, mnabadilishana tu: wewe chukua wangu, mimi nachukua wako. Hakuna anayechelewa, hakuna anayeachwa peke yake kwenye mstari wa pointi tatu. Na Maluach, kwa urefu ule, ana miguu ya kumfuata gadi, mchezaji mfupi wa nje, mpaka kwenye mstari huo. Hilo ni jambo adimu sana kwa senta, na ndilo lililonifanya niamini kwamba atafika mbali.

Lakini fuata hiyo picha mpaka mwisho. Senta wako ametoka, yuko mita saba kutoka kwenye ringi, anambana gadi. Yule jitu aliyeweka skrini ameshateremka chini. Nani yuko naye? Knueppel, au Proctor. Mpira ukirushwa na kukosa, mtu wako mrefu kuliko wote ndiye aliye mbali kuliko wote.

Mimi hucheza namba tano pale JMK Park, Dar, na karibu kila mara nakuta aliyenizidi urefu. Kocha aliyenilea alikuwa na sheria moja: mpira ukiruka, mtafute mtu kwanza. Unamgusa kwa mkono, unageuka, unakalia paja lake, unapanua miguu, ndipo unainua macho. Kazi hii haionekani kwenye takwimu na inachukua miaka mingi kuingia mwilini. Kijana aliyeanza 2019 alikuwa bado anaijenga, na mechi unayoongoza kwa pointi 30 au 40 haikulazimishi kuionyesha. Ndiyo maana sikuzichukulia zile pointi 103 kama jibu la nani angedaka ribaundi.

Jibu lilikuja San Antonio, 5 Aprili 2025, nusu fainali ya ubingwa wa vyuo dhidi ya Houston. Maluach alicheza dakika 21 na hakupata ribaundi hata moja. Huyu ni mtu aliyemaliza msimu kwa wastani wa ribaundi 6.6! J'Wan Roberts na Joseph Tugler wa Houston ni wafupi kwake kwa kama nusu futi, lakini ni watu wanaokalia mapaja ya wenzao kuanzia dakika ya kwanza. Zikiwa zimebaki sekunde kama 25, Houston wakakosa pointi tatu, Tugler akaudaka mpira angani na kuudanki: Duke 67, Houston 66. Proctor akakosa mtupo huru, Flagg akapigiwa filimbi kwa kumpanda Roberts mgongoni wakigombea mpira huohuo, Roberts akafunga miwili. Ikaisha Houston 70, Duke 67.

Sikubali wanaosema kijana alikuwa mvivu. Mfumo ulimtoa nje, na waliobaki chini walizidiwa nguvu. Ningekuwa Scheyer, zile mechi za Oktoba ningezitumia kwa zoezi moja: Maluach abaki chini kwenye kila skrini, hata kama gadi wa mpinzani atapata mitupo ya wazi ya katikati. Mpinzani akifunga kumi, sawa, ni Oktoba. Na pale atakapolazimika kubadilishana, gadi wawili wakimbilie chini kumzunguka yule jitu, hata kama tutapoteza mashambulizi ya haraka. Duke walikuwa na pointi za kutosha za kulipia gharama hiyo.

Sasa Maluach yuko Phoenix kwenye NBA, baada ya kuchaguliwa wa 10 kwenye drafti ya 2025, pale timu zinapochagua wachezaji wapya. Huko kuna wanaume wa miaka thelathini wanaojua kila ujanja wa kumsukuma mtu chini ya ringi. Kila akicheza nitaangalia miguu yake mpira unapoondoka mkononi mwa mpigaji: anamtafuta mtu, au anatazama juu?