Siku moja maishani mwangu: Land Rover 109 yenye milango ya gari mbili, hapa Dodoma

Saa 12 asubuhi. Naamka Nkuhungu na baridi la mwezi wa saba, watu wasioishi huku wanadhani Dodoma ni jua tu, waje wasimame nje alfajiri na huu upepo ndo watajua. Upepo huu ndo unaoniletea kazi, maana kiangazi chote mpaka mvua za Desemba vumbi linatafuta pa kuingia, na Land Rover za zamani zina pa kuingilia kwingi.

Saa 1 na nusu nipo gereji Kizota. Dogo kashafika, "shikamoo kaka", marahaba, umekunywa chai? Bado. Haya nenda kwa mama chapati uchukue za wawili.

Gari la leo ni 109 (namba ni inchi kati ya tairi za mbele na za nyuma), Series III, yaani toleo la tatu, zile zilizotoka kati ya 1971 na 1985. Mwenyewe ni mama mmoja wa Hombolo ana shamba la zabibu, gari kaachiwa na marehemu mumewe na anatembelea hilohilo. Ilikuwa pikapu, mtu wa huko nyuma akaivisha haditopu, yaani lile paa gumu na mbavu zake za vioo, iliyotoka kwenye 109 nyingine. Mlango wa kushoto ni wake wa asili, wa vipande viwili, chini mlango na juu fremu ya kioo cha kusukuma. Wa kulia wakamfungia wa Defender, Land Rover za baadaye, kioo cha kuzungusha kwa mkono. Na kwenye haditopu kioo cha kulia ni cheupe, cha kushoto kimebandikwa tinti nzito mpaka ukiweka mkono nyuma yake huuoni.

Nilipofunga mlango wa kulia, kona ya juu vidole vyangu viwili vilipita bila kugusa raba. Waliomtengenezea kabla walijaza godoro na silikoni. Imeniuma kwa kweli, huyu mama anakula vumbi kila siku na alishalipa hela ya watu.

Saa 2 kamili mama anaingia kutoka stendi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, gari yangu itapona?" Kaja na mlango wa kulia wa 109 kampata kwenye mkweche huko Kongwa, chini na juu vyote, bawaba nzima. Hapo nimefurahi sana, kwa sababu milango ya mbele ya Series II, IIA na III inaingiliana, iwe 88 ile fupi au 109. Amebeba na kioo cha mlango cha gari nyingine ameviringishia khanga, anataka nimkatie kiende kwenye haditopu. Nikamwambia mama hiki ni kioo cha tempa, kimepikwa kiwandani, ukikigusa na kikatio kinamwagika chote kama chumvi ya mawe. Kinachokatika ni kile cha tabaka mbili chenye plastiki katikati, na bahati nzuri vioo vya ubavuni vya 109 ni bapa, havina mkunjo, kwa hiyo tunapima hadibodi tunapeleka mjini wanakata. Tena tukatoe kile cha tinti maana yeye anarudi rivasi usiku shambani, kreti za zabibu ziko chini, watoto wanapita.

Saa 3 kazi yenyewe. Naomba niseme hapa kwa kirefu kwa sababu naona mafundi wengi wanakosea hapa. Ukiona kioo cha mlango hakikutani na haditopu usianze na kioo, usianze hata na raba. Mlango unafuata bawaba, bawaba zinafuata ule ukuta wa chuma uliobeba dashibodi, na haditopu ndo inatakiwa ije imfuate mlango. Waliofunga hili waliweka haditopu kwanza wakakaza bolti zote kama ilivyodondoka, imekaa imerudi nyuma na imelalia kushoto, afu ndo wakaanza kulazimisha milango.

Tukalegeza bolti zote, za mbavu kwenye bodi na za paa kwenye fremu ya kioo cha mbele, hatukutoa hata moja, tumelegeza tu paa licheze. Ila mbili zilikatika zenyewe, drili ikafanya kazi yake. Afu ule wa Defender tukautoa, na mlango wa chini wa Kongwa, mtupu bila fremu ya juu, tukauning'iniza tukautafutia nafasi sawa pande zote. Hapo tu saa nzima imeondoka.

Kila chuma kinapogusa bodi naweka rangi na kipande cha raba. Bodi ya hizi gari ni alumini, walipoanza kuzitengeneza Uingereza mwaka 1948 chuma kilikuwa cha shida baada ya vita, lakini fremu ya ndani ya mlango ni chuma, na hivyo viwili vikigusana na unyevu ukaingia alumini inaliwa inatoa unga mweupe. Chini ya godoro la wale jamaa unga ulikuwa umejaa, maana godoro linashika maji.

Saa 7 ugali wa uwele na mlenda, tumekula haraka.

Saa 8 fremu za juu. Hizi zinashikwa na bolti chini, na ukiongeza washa, kile kibati cha duara cha kuvalishwa bolti, upande mmoja fremu inalala ndani au nje, ni milimita chache lakini juu kule unaona tofauti kubwa. Kulia nimeweka washa mbili, kushoto moja. Reli za kioo tumebadilisha kitambaa, kile cha zamani kilikuwa mchanga mtupu na mchanga ndo unaochora vioo. Mama alikuwa ameketi kwenye ndoo anaangalia, kila tukifunga mlango anauliza "sasa?", namwambia bado mama.

Saa 10 milango yote miwili imefungwa, ndo tunasukuma haditopu. Mimi kulia, dogo juu, jirani fundi rangi kaja kutusaidia kushoto, inakuja mbele kidogo kidogo mpaka raba inagusa fremu kote. Kukaza ni robo robo, unaenda bolti moja kulia moja kushoto, ukikaza upande mmoja wote kwanza umerudi ulikotoka. Afu karatasi, nabana karatasi kwenye raba nafunga mlango navuta, ikigoma safi, ikitoka hapo kuna uwazi.

Saa 11 dogo karudi na kioo cheupe cha haditopu, kimeingia vizuri.

Saa 1 usiku. Giza limeingia, mama kapanda ndani na tochi, nikazunguka nje kutafuta mwanga unapopenya. Kulia hakuna kitu, juu hakuna. Kushoto, kona ya nyuma chini ya raba, kamstari kadogo kama uzi. Nimeweka alama ya chaki. Mama atalala kwa mdogo wake Chang'ombe ya hapa Dodoma, kesho saa 2 naanza na hiyo kona.