Idadi ya miche itakayopandwa

Jana usiku nimekesha na simu mpaka chaji ikabaki asilimia 4, najaza fomu ya kuomba ruzuku. Kila kitu kilishakaa sawa: jina la kikundi, namba ya usajili, akaunti ya benki, watia saini watatu, bajeti. Kikabaki kisanduku kimoja tu. "Idadi ya miche itakayopandwa." Nikaandika 0. Fomu ikaniletea mstari mwekundu: jaza sehemu hii kwa usahihi. Nikaandika 0 tena, safari hii kwa hasira, kama vile mashine inajua mtu akikasirika.

Hiyo sifuri ina hadithi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha mazingira, kijiji kimoja cha njia ya Pangani ukitoka Tanga mjini. Ukatibu nilipewa kwa sababu nina mwandiko unaosomeka na simu yenye intaneti, basi. Tuko 22. Wanawake 14, wengi wachuuzi wa samaki na wasukaji wa ukili. Wanaume ni wa jarife na mshipi.

Wazee wetu wana kipimo chao cha mfadhili, na kipimo chenyewe ni Ireland. Ule mradi wa hifadhi ya pwani ya Tanga, fedha za serikali ya Ireland na wataalamu wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ulianza 1994 ukafungwa 2007. Miaka 13! Vijiji vilikaa, vikabishana, vikakubaliana miamba ipi ifungwe isivuliwe, na mradi ulikuwa bado upo kuona kama makubaliano yanashika. Uvuvi wa baruti ulirudi baadaye, hilo kila mtu wa pwani hii anajua, na masikio ya wazamiaji wetu yanajua zaidi. Lakini miaka 13 ni miaka 13. Sisi siku hizi tunapewa miezi 12, na miwili ya mwanzo inaliwa na kusubiri fedha ziingie. Tanga tunaitwa waja leo waondoka leo. Kwa maoni yangu jina hilo tuwaachie wafadhili.

Ruzuku yetu ya kwanza ilitoka kwa shirika ambalo sitalitaja. Shilingi milioni 18, kazi: kupanda miche 10,000 ya mikoko. Andiko hatukuliandika sisi, tuliandikiwa na kijana wa mjini, nasi tukasaini kwa furaha.

Mahali pa kupanda palichaguliwa kwenye tope la mbele kabisa, wazi, jeupe maji yakitoka. Sababu zake ni tatu ukitaka ukweli: pana nafasi, hapana mwenyewe, na picha zinatoka vizuri. Mzee tunayemwita Nahodha alisimama pale na kandambili zake mkononi akaniambia, "Mwanangu katibu, hapa hapakai mkoko. Hapa ni pa mlilana, tena mlilana ukitaka huja wenyewe."

Nilijua anasema kweli. Mtoto wa pwani anajua kuwa katika jamii ya mikoko, mililana na michu ndiyo inayotangulia mbele kupokea wimbi, na mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya magoti, unapenda kukaa nyuma yao na kandokando ya mikondo. Ila mbegu ya mkoko ni rahisi. Inachipua ikiwa bado mtini, inaning'inia ndefu kama biri kubwa, unaokota, unachomeka kwenye tope, umekwisha kupanda. Mtoto wa shule anachomeka 100 maji hayajarudi. Mlilana unataka kitalu, unataka mtu wa kuubembeleza. Ukidaiwa 10,000 kwa miezi michache, utachomeka mkoko, hata kama unajua.

Tukapanda. Tulivaa tisheti, tukapigwa picha, ripoti ikaenda: miche 10,000 imepandwa. Hakuna neno la uongo mle. Upepo wa kusi ukaingia na mawimbi yake. Tulipokwenda kuhesabu mwaka uliofuata, kwa hiari yetu maana mradi ulishafungwa, iliyo hai haikufika 400. Mingine ililala, mingine ilikatwa na kaa, mingi haikuonekana hata ilipokuwa. Tisheti zipo. Yangu nakaangia samaki.

Na risiti, jamani. Mashua tulikodi kwa jirani ambaye mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, hajaiona hata kwenye ndoto. Mhasibu wao alirudisha risiti yake ya mkono mara mbili. Mwisho tulichangishana wenyewe kuziba pengo. Yaani mfadhiliwa akamfadhili mfadhili.

Sasa sifuri.

Nyuma ya kijiji kuna mabwawa ya chumvi yaliyoachwa. Zamani pale palikuwa msitu, ukakatwa, yakajengwa matuta kuzuia maji ya bahari, chumvi ikavunwa miaka, kisha mwenyewe akaona haimlipi. Pakabaki uwanja mkavu unaong'aa. Mwaka mmoja mvua za masika zikabomoa tuta upande mmoja. Nahodha alikuwa akipita na mbuzi wake, ndiye aliyekuja kuniita: palipobomoka, maji ya bamvu, yale makubwa yanayopanda hadi juu, yameingia, na mchu umeota kama mchicha. Hakuna aliyepanda. Mbegu zimeletwa na maji, zikapata pa kukaa.

Tukamfuata mwenye mabwawa, tukapita kwa mtendaji wa kijiji, tukapita TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwa sababu mikoko yote ni hifadhi chini yao na hatukutaka kuonekana tunachimba kwa siri. Walipokubali tukangoja maji mafu, yale yasiyofika huko juu, tukaingia na majembe na machepe. Siku nne, mikato mitatu kwenye tuta, tukifuata mkondo wa zamani ambao wazee waliukumbuka. Gharama ilikuwa wali, samaki wa nazi na sukari ya chai, vyote kutoka kikoba. Bamvu lilipokuja tulikaa juu ya tuta kuangalia maji yanavyoingia yakisukuma povu chafu mbele yake, na akina mama wakapiga vigelegele kama bwana harusi ndiye anayeingia.

Leo ukienda pana michu inayonifika kiunoni, na mikandaa, jamii ileile ya mikoko, imeanza kujitokeza pembeni. Sijahesabu. Watoto wameanza kutoa kaa mle.

Kwa hiyo andiko la sasa nimeliandika mwenyewe. Tunaomba fedha za kufungua mabwawa mengine manne, na za kumlipa mlinzi wa kuzuia mbuzi na wakata nguzo kwa miaka 3. Kupanda, hapana.

Kuna wenzangu wa vikundi wananiuliza naomba wapi, na wao waombe wapi. Ruzuku ndogo za GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, zinazopitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, zipo tangu 1992. Kwa miaka mingi ukomo ulikuwa dola 50,000, fedha zinakwenda kwa kikundi chenyewe, na utaratibu wao unaruhusu andiko la lugha ya kwenu. Walio milimani, Amani na vijiji vyake, wana Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, ofisi kuu Morogoro. Nawaonea wivu, kwa sababu ule ni mtaji uliowekezwa, wanatumia faida, mti mama haukatwi. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, iliyosimama 2023 ikarudi 2024, haina riba na ni nzuri kwa mwenye biashara ya samaki. Lakini ni mkopo. Mchu haufanyi marejesho kila mwezi.

Asubuhi nimempelekea Nahodha ile simu aone mstari mwekundu. Akauliza, "Moja inakubali?"

Nikajaribu. Ikakubali, kisanduku kikawa kijani.

"Basi andika moja, Jumamosi ni bamvu, twende tukaupande usije ukaitwa mwongo." Amekwisha kuchagua na mahali, kule kwenye mkato wa pili. Anasema utakuwa mlilana.