Mzazi naye aulizwe hali, si mtoto tu

Huku kwetu Mtwara mtoto akizaliwa nyumba inajaa. Kwa wifi yangu pale Mikindani walikuja majirani, mashangazi, mama mkwe akashuka kutoka Newala, kila anayeingia anakimbilia kumfunua mtoto, kafanana na nani, ananyonya vizuri, kitovu kimedondoka? Mzazi mwenyewe kalala hapohapo na hamna anayemuuliza damu inatokaje, kichwa kinauma, leo umekula nini. Kwa kweli hili linaniuma sana.

Maana yule wifi siku ya tatu alianza kulalamika kichwa kinapasuka na macho yanaona ukungu, wakubwa wakasema ni uchovu tu hajalala, mwacheni apumzike. Namshukuru Mungu mumewe aliita bajaji wakaenda hospitali, kupimwa presha ipo juu sana, na kipindi chote cha kliniki presha yake ilikuwa kawaida. Jamani kifafa cha mimba, yaani degedege la presha kupanda, kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, zaidi siku za mwanzo lakini mpaka wiki ya 6 bado hatari ipo. Kwa hiyo kichwa kikali, macho kuona giza, maumivu ya juu ya tumbo, usisubiri kukuche.

Na damu pia. Damu ya uzazi inatakiwa iwe inapungua siku hadi siku na rangi inafifia, sasa mtu akilowanisha pedi nzima ndani ya saa moja au chini ya hapo, au yanatoka mabonge makubwa, huyo ni wa kukimbizwa. Homa na uchafu wenye harufu mbaya hivohivo, ni dalili ya maambukizi, msimalize siku mbili mnampa panadol.

Mi arobaini naipenda, mama anapumzika, anapikiwa, anafuliwa, wanawake wengi huku wasingepata mapumziko hayo vinginevyo, hasa msimu wa korosho ambapo kila mkono unatakiwa shambani. Ila arobaini isiwe sababu ya kumfungia ndani asiende kliniki. Shirika la Afya Duniani linasema aliyejifungua salama akae kituoni angalau saa 24, afu aonwe tena si chini ya mara 3, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Mfunikeni kanga mumpeleke.

Kukandwa nako, maji yawe ya vuguvugu, nimeona mapaja ya mtu yamebabuka kwa maji ya moto, na aliyefanyiwa operesheni kidonda kisikandwe kabisa. Uji wa pilipili manga mpeni lakini uji peke yake sio chakula, mpikieni kisamvu cha nazi, mbaazi, dagaa, pweza akipatikana, na vidonge vya kuongeza damu alivyopewa avimalize, asivinywe na chai maana chai inazuia madini ya chuma.

Na akiwa analia kila siku, hataki kumshika mtoto, wiki mbili zinapita hivo, msiseme anadeka. Ni ugonjwa unaotibika, muongee na nesi kwenye zahanati yenu, na usiku mmoja mmoja mchukueni mtoto akishanyonya ili mama alale.